Lala Kwanza, Chuma Baadaye

Ingia kemisti yoyote ya Pipeline ama Umoja saa tatu usiku, simama hapo kando ya kaunta kaa msee anangoja chenji, halafu uskize. Jamaa wa nduthi anataka kitu ya mgongo. Manzi wa saluni anataka ya kichwa, "ile kali." Mathe wa mboga anasema usingizi imemtoroka wiki mzima, na akilala chali anaskia moyo ikipiga hadi kwa masikio. Kuna kijana amevaa hudi, ameshika tumbo, ati ni gesi, na ashakunywa Eno mara ngapi na bado inamsumbua. Mwenye duka anakata vidonge na makasi, anafunga kwa karatasi, anaita mwingine. Hakuna mtu amesema ako na mawazo. Hakuna mtu amesema hii mwezi imemshinda. Wote wamekam na mwili.

Na hawadanganyi, manze. Hiyo maumivu iko. Daki akitaka kujua kaa uko na dipresheni, ako na dalili tisa za kucheki, na nne kati ya hizo tisa ni za mwili: usingizi kupotea ama kuzidi, hamu ya kula kubadilika, nguvu kuisha, na mwili kuanza kusonga polepole ama kushindwa kutulia. Ukiwa na tano za hizo dalili, karibu kila siku kwa wiki mbili, na moja yao ikiwa ni huzuni ama kukosa raha ya vitu zenye zilikuwa zinakubamba, hiyo si mood mbaya, hiyo ni ugonjwa. So yule msee wa tumbo anaeza kuwa na gesi kweli. Pia anaeza kuwa anabeba kitu kubwa kuliko gesi, na tumbo ndo imekam kushtaki.

Hii mambo inaenda hivi. Karao wakitokea ghafla kwa kona, mwili haingoji ufikirie. Inamwaga adrenalini na kotisoli, moyo inakimbia, damu inaenda kwa miguu, misuli inajikaza, tumbo inaambiwa isahau kusaga chakula kwa sasa. Hiyo ni system poa sana ya kuchomoka. Ilitengenezwa ikusaidie dakika kumi, halafu uhepe, utulie, urudi kawa. Shida ni hatari za siku hizi hazina mwisho. Landlodi anaanza kupiga simu tarehe tano na haachi. Loni ya simu inatuma meseji asubuhi, jioni, na inatumia hadi shosh wako. Mboka umeaplai na hakuna anajibu. Mwili haijui tofauti ya karao na landlodi, so inabaki mguu tayari wiki baada ya wiki. Hapo ndo shingo inakuwa ngumu, tumbo inavuruga, kichwa inagonga, presha inapanda, na usingizi inakataa. Unameza Maramoja, inatulia masaa kadhaa, na ile kitu ilileta maumivu bado iko kejani imekaa kwa kiti.

Kitaa ina jibu yake: mwanaume ni efoti. Jikaze. Manzi naye anaambiwa aombe na aache madrama. Nairobi iko na Hospitali ya Mathari hapo Thika Road, imetibu wagonjwa wa akili tangu 1910, na zaidi ya miaka mia moja baadaye jina yake bado tunaitumia kaa matusi. Hata sheria ilikuwa upande huo. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilisema kujaribu kujitoa uhai ni kosa, yaani msee anaokolewa leo, kesho anasimamishwa kortini. Ni mpaka Januari 2025 ndio Mahakama Kuu ilisema hiyo kifungu inapingana na Katiba. Juzi tu. Kwa hivyo usishangae ukiona boyz anapendelea kusema ni mgongo.

Sasa mimi niko na maoni moja, na nitaisema hata kaa wasee wa jimu watanichukia: kabla ununue sahani ya protini, kabla uvae ndula mpya za kukimbia, lala. Vijana wa hii mji hawakosi mazoezi kwanza. Wanakosa usingizi kwanza. Mtu wa miaka 18 hadi 25 anafaa kupata masaa saba hadi tisa usiku, na najua ukisoma hapo umecheka.

Juu wapi? Kaa unaishi zile ghorofa za Pipeline zimebanana hadi unaeza kupatia jirani chumvi kupitia dirisha, taa yako inawaka saa sita mchana. Jua haiingii. Na jua ya asubuhi ndio inaambia ubongo siku imeanza, ndio usiku ikifika ijue ni saa ya kuzima. Ukikosa hiyo jua mchana, na usiku ukae na mwangaza ya simu kwa uso, mwili inapoteza saa yake. Ongeza hapo nganya yenye inashukisha watu saa tano na besi ya kutingisha dirisha, kanisa ya keshani juu ya hardware, na jirani mwenye anaosha vyombo saa saba usiku kaa analipwa.

Halafu kuna wenye usiku ndio mboka yao. Soja wa geti. Wasee wa nduthi wa steji ya usiku. Na wale waandishi wa onlaini wamejaa Roysambu, Kahawa na Juja, wenye wanafanyia Wamarekani kazi. New York iko nyuma yetu masaa saba ama nane, so kastoma akiwa kazini alasiri, wewe ndio ulikuwa umepanga kulala. Msee anamaliza oda saa kumi na moja alfajiri, analala saa kumi na mbili, saa tatu jirani wa juu anaanza kutwanga vitunguu. Baada ya miezi kadhaa ya hiyo maisha anaanza kuwa mkali bila sababu, analia akiangalia matangazo ya unga, hataki kushika simu ya mathake. Anafikiria amebadilika tabia. Hajabadilika. Ubongo ikikosa usingizi, ile sehemu ya ndani ya kushtuka na kuogopa inawaka kwa kitu kidogo, na ile ya mbele, ya kusema "tulia buda," inalegea. Kitu ya kukuchekesha jana inakuumiza leo.

Na kitu gani inakusaidia kukaa macho usiku wote? Ukitaka kujua enda base ya jaba. Benchi imeegemea ukuta wa mabati, ndoo ya maji, soda baridi, karanga, Big G ya kutoa uchungu, na muguka imefungwa kifurushi kifurushi. Saa nne usiku kila mtu hapo ni bilionea. Rieng zinatoka moto: huyu anafungua karwoshi, yule anaenda Dubai, mwingine anaanza lebo ya muziki na ashaipatia jina. Handas imeshika. Kathinoni, ile kemikali iko kwa majani mabichi, ni ya ukoo wa amfetamini, so moyo inapanda, njaa inahepa, mdomo haifungi. Saa tisa usiku sauti zinapungua. Saa kumi hakuna anabonga, kila mtu anaangalia simu yake, taya bado inatafuna. Asubuhi stimu imeisha na ile bilioni imeisha nayo, unabaki na kichwa nzito, mood mbaya, macho kavu, na siku nzima ya kungoja jioni ifike ndio uonje tena. Mei 2024 Mombasa ilipiga muguka marufuku, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, korti ikasimamisha, siasa ikaingia. Mimi sina shida na mkulima wa Embu, ako na watoto wa kusomesha. Lakini usiniambie jaba inakutoa stresi. Inakukopesha masaa, na inakuja kudai asubuhi.

Okay, chuma sasa, juu najua mlikuwa mnangoja.

Jimu ya mtaa haikai ile ya kwa simu. Iko nyuma ya kinyozi, imezungushwa mabati. Mikebe ya rangi imejazwa simiti, katikati bomba ya maji, hiyo ndio uzani. Ingine imemwagwa vibaya so upande wa kushoto ni mzito, na kila mtu anajua hiyo uende nayo pole. Benchi imefunikwa ngozi ya kiti ya mathree. Kioo imepasuka, lakini bado inaonyesha kifua. Kwa ukuta kuna daftari imetundikwa na kamba, majina na nani amelipa. Kochi ni jamaa wa makamo, ana shingo ya fahali na sauti ndogo, na kitu ya kwanza anakuuliza si uko na kilo ngapi. Anakuuliza, "Umekula?" Ukisema bado, anakutuma chai na mandazi kwanza.

Wasee wengi huambiwa ile raha ya baada ya kukimbia ama kupiga chuma ni endorfini. Wanasayansi siku hizi wanaangalia sana kitu ingine, endokanabinoidi, kemikali zenye mwili inajitengenezea, za ukoo moja na zile za ngwai, na zinaingia kwa ubongo rahisi kuliko endorfini. Yaani mwili yako iko na shamba yake na hakuna karao ataikata. Mazoezi pia inasaidia usingizi iwe nzito, inashukisha presha, na inafundisha moyo kupanda na kushuka bila panic. Hiyo ya mwisho mi hupenda sana: mtu wa kushtuka ovyo anajifunza kumbe moyo inaeza kukimbia na usikufe. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kusonga kiasi cha kupumua haraka. Hiyo ya chini ni nusu saa mara tano. Kutembea mbio mbio kutoka steji inahesabika.

Lakini hapo ndio kuna swali hakuna kocha wa mtandaoni anajibu. Kaa kusonga inatibu kichwa, mbona yule msee wa mjengo hajaponyeka? Anarauka saa kumi na moja, anatembea kutoka Mukuru hadi saiti, anapandisha mawe na mchanga ghorofa ya nne siku mzima, anatembea kurudi. Kwa hesabu ya dakika, ameshinda kila mtu wa jimu. Na jioni amekasirika, amefinyika, anataka tu keroro na giza.

Watafiti wameona hii kitu: mwendo wa kujichagulia, wa raha, unaenda pamoja na moyo fiti na mood poa; mwendo wa kazi ngumu hauleti hiyo faida sawa, saa zingine hata unaumiza. Na ukifikiria si fumbo. Mjengo hauchagui saa ya kupumzika, foreman ndio anachagua. Unabeba uzani moja masaa tisa bila misuli kupata nafasi ya kujirudia, na unafanya ukijua kesho unaeza ambiwa hakuna kazi. Mwili inachoka, kichwa haipati ushindi wowote. So tafadhali, wewe mwenye uko na kiti ya ofisi, usiambie msee wa mjengo ati akimbie. Huyo mwambie akae chini, akule, alale, na umlipe kwa wakati.

Na pia tusiuze chuma kaa dawa ya kila kitu. Conjestina Achieng alifanya Kenya mzima ijue ndondi ya wanawake, ngumi zake zilikuwa moto, na bado ugonjwa wa akili ulimfikia nchi ikiona. Mwili ngumu haizuii. Msee wa kifua kubwa akisema haskii poa, usimwambie "wewe na huo mwili wote?"

Kitu nimeona inafanya kazi kwa jimu ya mtaa si ile mikebe peke yake. Ni ile daftari. Ukikosa siku kadhaa, kochi anauliza uko wapi. Boyz wawili wanatumwa kejani kwako, wanabisha, wanasema wamekam kuulizia ile doh ya jimu, na hiyo ni kisingizio tu, wanataka kuona kaa uko sawa. Wanaume wa Nairobi hawajui kuulizana "unaskiaje," lakini wanajua kuulizana "mbona hukukam." Ball inafanya hiyo kazi pia. Mathare wamekuwa na MYSA, chama ya michezo ya vijana, tangu 1987, vijana wanacheza na pia wanasafisha mtaa, na kutoka hapo ikatoka Mathare United yenye ilibeba ligi ya Kenya 2008. Enda Ziwani wakati wa ile tono ya ball ya Koth Biro, pale uwanja wa Umeme, uone vumbi, uone wazae wamesimama kwa laini wakitukana refa kwa upendo. Hakuna mtu ako peke yake hapo. Ukinipatia msee ana mawazo na uniambie nichague kati ya kukimbia peke yake na kucheza ball na wengine wakimtusi, nitamtuma uwanjani.

Kwa mamanzi hii story haiko sawa, na wanaume tunaipita haraka. Boyz akikimbia saa kumi na moja na nusu asubuhi, shida yake kubwa ni mbwa, ama karao kumuuliza anahepa nini. Manzi akikimbia hiyo saa anahesabu kona, anaacha iarphone moja nje, anavaa sweta kubwa juu ya nguo za mazoezi, na bado atapigiwa miluzi na makanga. Wengi wamehamia juu ya ghorofa, kule kwa kamba za nguo. Unapata watatu ama wanne jioni, wametandika leso kwa simiti, simu imeegemezwa kwa tanki ya maji inacheza video, wanaruka kamba wakikwepa mashuka ya watu. Keateka analalamika ati wanatingisha nyumba. Awache waruke.

Kijani nayo inatuliza, hiyo haina mjadala kwangu. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiwa Karura wakitaka kupanda miti, juu wanyakuzi walikuwa wanataka ule msitu. Leo hapo ndio Nairobi inakimbilia. Lakini kutoka Kayole hadi Karura, nauli na ya kuingia ni dishi ya siku mbili. Miti ya Eastlands ilikatwa zamani tukajengewa ghorofa, na hakuna mtu alipigwa kwa ajili yake. Kila kijana anafaa kuuliza MCA wake uwanja wa wodi iko wapi, na nani ameweka ukuta.

Chakula nitapita haraka. Australia walifanya utafiti mdogo, ukachapishwa 2017: watu wenye dipresheni wakasaidiwa kubadilisha dishi wiki kumi na mbili, na waliopata nafuu walikuwa wengi kuliko wale waliopewa tu kampani ya kubonga. Walikula nini? Maharagwe, mboga, samaki, matunda, karanga. Yaani madondo, sukuma, omena, ndizi na njugu. Kibanda iko nayo. Smokie pasua si shetani, lakini ikiwa ndio asubuhi, ndio mchana, na enaji ya chupa ndio supper, usilaumu ex.

Na hii barabara ya mwili na akili inaenda pande zote mbili. Msee amepatikana na sukari, ama presha, ama virusi, mara nyingi anapewa dawa na tarehe ya kurudi, na hakuna anamuuliza kichwa imepokea aje. Watu wa sukari wako kwa hatari kubwa ya dipresheni kuliko wengine, na mtu wa dipresheni anasahau dawa, haendi kliniki, sukari inapanda, anazidi kushuka. Tangu 2023 serikali imetuma wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya elfu 100 kupita mlango kwa mlango na begi iko na mashine ya presha na ya sukari. Poa sana. Akifika kwako, usingoje akuulize. Mwambie pia kaa haulali.

So ukiwa na mtu wako amebadilika, achana na lekcha. Mcheki usingizi kwanza. Muulize alilala saa ngapi, alikula nini, mara ya mwisho alicheka na nani. Mtoe kwa jua asubuhi, mtembee hadi steji mkibonga upuzi. Kaa anameza vidonge za kichwa kila siku, mpeleke hospitali ya kaunti aonwe na daki, na ukifika usiogope kusema neno akili hapo kwa dirisha. Na kaa anabonga mambo ya kutotaka kuishi, hiyo si ya kungoja asubuhi na si ya kujogi: kaa naye, usimuache pekee, na upige simu. 1199 ni ya Msalaba Mwekundu, wanaskiza. 1192 ni ya NACADA, kaa ni jaba, keroro ama kitu ingine imemshika. Zote ni za bure. Hauhitaji hata kredo.